Mtu Mzima Anayepita Stegi kwa Miguu

Tassia, Nairobi

Dada yangu Mwikali,

Hujambo? Mgongo umekuachilia ulime, au bado unakusumbua? Na sukari yako je? Najua utasema iko sawa, maana kila asubuhi unalizunguka shamba kabla jua halijawa kali. Mimi ni mzima, ila nina aibu, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeniuliza, "Kyalo, unatembea?" na ningekudanganya tena.

Dada, niliacha kutembea. Nisikilize kwanza kabla hujanifokea.

Nilipoambiwa nina ugonjwa wa sukari kama wewe, nilianza vizuri. Nilikuwa nakwenda kazini kwa miguu, shati la ofisi mwilini, raba miguuni, viatu vya ngozi kwenye mfuko. Mwili ukawa mwepesi, kliniki wakanisifu. Lakini hapa kwetu mtu mzima akipita stegi bila kupanda gari, hakuna anayesema anafanya mazoezi. Wanasema ameishiwa. Mama Mutheu, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, alikuwa akiniona kila akifungua duka lake hapo stegini. Hakuniuliza kitu. Aliwaambia wenzake nimefutwa kazi na ninaona haya kusema.

Jumapili moja wakaja kwangu wakiimba, wamebeba unga, mafuta ya kupikia na sukari mfuko mzima. Wee! Nilisimama mlangoni kama mwizi aliyeshikwa. Ningesema kazi ninayo, wangeuliza mbona basi natembea. Ningelazimika kuutaja ugonjwa, na unawajua watu: huyo amekwisha, anangoja kukatwa mguu. Nikasema asanteni. Wakapika chai kwa sukari ileile, Mama Mutheu akanitilia kwa mkono wake. "Kunywa, baba, upate nguvu." Nikanywa, dada. Na kikombe cha pili nikanywa.

Tangu siku hiyo nikawa napanda bodaboda mlangoni makusudi, wanione nina nauli. Hata kwenda kununua sukumawiki hapo kona! Wenyewe wakamshukuru Mungu kwamba nimepata kazi.

Wiki iliyopita muuguzi alinipima, akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi. "Dawa unameza. Miguu umeipa likizo ya nini?" Nikamwambia watu wananiangalia. Akasema, "Hata ukiwa umelazwa watakuja kukuangalia." Na kweli, kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimeanza kufa ganzi. Nilikumbuka mguu wa mama yetu uliokatwa kwa sababu ya sukari, na wewe ukimbeba kwenda msalani, mimi niko huku Nairobi natuma salamu. Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe. Ile nyingine ilikuwa majivuno tu.

Jana nikaenda dukani kwa Mama Mutheu nikamweleza yote, wateja wakisikia. Akashika mdomo. "Ngai! Na ile chai?" Nikamwambia niliinywa. Hakucheka, alikasirika. "Ungetufanya tukuue kwa mikono yetu, na sisi tunaimba!" Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Leo asubuhi nimepita pale na raba zangu. Akatoa kichwa dukani akapaza sauti: "Jamani, huyo kazi anayo! Ana ugonjwa wa sukari! Tembea, Kyalo, tembea!" Stegi nzima ikageuka, makanga na abiria. Uso uliniwaka moto. Nilitembea hivyohivyo mpaka kazini.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu anayekusaidia na mbuzi. Wasomee barua hii yote, ila ile chai iruke.

Bado naona haya, dada, na kesho naweza kuishia mlangoni nikaita bodaboda. Kwa hiyo ukinipigia simu, usiniulize kama nimetembea, maana uongo nimeuzoea. Niulize ni nani ameniona.

Mdogo wako,
Kyalo