Kwako Timazi, Uliyedai Ukingo

Mwaka mmoja umekwisha, mwanangu, tangu uanguke kutoka ghorofa ya tatu ya nyumba ya wageni ya kanisa letu. Mimi shule niliishia ya msingi, kwa hiyo nakuandikia kama tulivyokuwa tukiongea jikoni. Wengine wasikie.

Mafundi wenzako walikuita Timazi, kwa sababu kile kichuma chako cha kupimia ukuta hakikukosa mfukoni. Hata mlango wangu uliupima. "Mama, nyumba yako imelewa." Nikakujibu, "Basi isindikize ikalale." Jumamosi ukaja na mwiko, ukaunyoosha. Binti yako alipoanza kusimama ulimning'inizia timazi ubavuni ukamwambia, "Umekaa sawa, fundi."

Maandiko uliyapenda kama wengine wanavyopenda mpira, kwa kubishana.

Kila asubuhi mzee wa kanisa aliyesimamia ujenzi aliwasalisha kabla ya kazi. Mbao za kuwazuia msianguke alizipeleka kutengenezea jukwaa la uzinduzi, nyinyi mkabaki mnajenga huko juu pembeni kukiwa wazi. Siku moja akauliza, "Nani ana neno?" Ukasimama, ukasoma ile amri kwamba anayejenga nyumba aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

"Fundi, umeitwa kujenga, hukuitwa kuhubiri."

"Sijahubiri, mzee. Nimesoma tu."

"Hayo ya kale. Sisi tuko chini ya neema."

"Na sisi tuko juu ya ghorofa, mzee."

Wenzako wakacheka, wakasema amina, wakapanda.

Wewe ukaanza kuokota vipande vya mbao na kuvipigilia mwenyewe, alfajiri kabla ya kazi. Nilikuambia, "Mwanangu, mwenye nguvu mpishe. Wamo wengine." Ukasema, "Mama, Neno halikusema mwenye nyumba. Limesema anayejenga. Anayejenga ni mimi." Ukaomba chai nyingine.

Ulimaliza pande tatu. Ulianguka ukipigilia wa nne. Waliokuwa chini wanasema nyundo ilitangulia kufika.

Kaburini mzee alisema Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mzee, wewe ndiye uliyetwaa mbao. Usimsingizie Bwana. Kisha akasema kiburi humwangusha mtu, na waumini wakaitikia amina tena. Niliinamisha kichwa, lakini sauti zenu nazijua moja moja.

Siku ya uzinduzi zile pande zako tatu zilikuwa zimepakwa vanishi. Wageni waliziegemea wakapigwa picha. Jukwaa lilivunjwa kesho yake, mbao zake zikawa kuni.

Sasa mdogo wako naye ni fundi. Jumatatu anaanza kazi kwenye jengo jipya, chini ya mzee huyo huyo. Nimepita pale nikajionea: ghorofa ya pili iko wazi pande zote. Mkuki kwa nguruwe. Mtoto wa mzee anakaa ofisini. Mdogo wako amechukua timazi yako. Nikamwambia abaki nyumbani. Akasema, "Mama, akiuliza nani ana neno, nitasoma palepale aliposoma kaka."

Kwa hiyo naonya. Nyinyi mliosema amina, amina haishiki msumari. Alisimama peke yake na Neno, mkamwacha peke yake na nyundo. Mkimwacha na huyu, msije kwangu na vitenge vya msiba, mlango sitafungua. Kama Maandiko ni ya wote, basi na ubao mshike wote.

Na wewe mzee, umeonywa mapema. Jumatatu mimi na mama wa mafundi wenzake tutakaa chini ya ngazi. Tumeshakubaliana. Hatutapiga kelele, sisi ni watu wazima. Ila anayetaka kuwapandisha watoto wetu kabla ya ukingo atukanyage sisi kwanza, na aanze na mimi.

Unakumbukwa na mama yako, mke wako, binti yako ambaye bado amekaa sawa, mdogo wako, shangazi yako anayekutilia chai mpaka leo akasahau hupo, na wajomba zako wote.

Hutatutoka moyoni, Timazi. Lala. Upande wa nne ni wetu.