Sinema za Nyanya na Kurasa Alizoruka Ombati

Mombasa,
Novemba 1994

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Ule mguu uliokuwa ukikusumbua wakati wa kuchuma majani chai umepoa? Mvua imefika Nyacheki? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hauko sawa, na leo sitazunguka.

Barua hii nimempa Nyaboke, binti wa shangazi, akusomee yeye. Najua mdogo wangu Ombati ndiye huzisoma barua zangu zote na kukutafsiria kwa Ekegusii. Mwite aketi hapo asikilize.

Nyaboke alipofika huku aliniambia jina langu limesomwa kanisani siku ya Sabato, kwamba nimekuwa mtu wa sinema, na nimefutwa ushirika mpaka nitubu. Akasema ulitoka umejifunika leso usoni, ukisema, "Kerubo alinificha." Nililia jikoni mpaka nikaunguza mchele wa watu.

Mama, sikukuficha. Mwezi wa Agosti nilikuandikia kurasa mbili nzima juu ya jambo hilo. Leo naziandika tena.

Unajua tajiri wangu Mhindi alipofunga duka lake Kisii mjini akahamia huku, nilikuja naye kumtunza mama yake. Nyanya huyu macho yameingia ukungu. Kila alasiri huwekewa kanda za video, sinema za Kihindi za ujana wake. Mwanzo nilizipa mgongo, kwa kuwa kanisa letu linakataza sinema, nikawa nachagua mchele. Siku moja akaniambia, "Kerubo, mimi nasikia maneno tu. Wewe niambie nani ameingia, amevaa nini, analia au anacheka." Nikageuka. Dhambi yangu ndiyo hiyo.

Na hata sizipendi. Ni ndefu kuliko mahubiri ya makambi ya kanisa. Mtu akipata msiba anaimba, tena mlimani, na nguo amebadilisha mara tatu. Ndugu waliopoteana sokoni wakiwa watoto wanatambuana kwa wimbo. Ingekuwa hivyo Keroka, siku ya soko kusingekalika kwa kelele. Shujaa anapigwa na watu kumi, nywele hazivurugiki. Lakini kuna mama mmoja aliuza bangili zake za harusi ili mwanawe asome, na hapo nilishindwa kumweleza Nyanya mpaka nilipofuta machozi. Nilikuwa nakukumbuka ulivyouza ng'ombe ili Ombati amalize shule.

Na kwa kusoma huko huko amekufanyia haya. Barua ile ilipita mikononi mwake peke yake: zile kurasa aliziruka, akakusomea salamu tu, kisha akaikunja barua akaipeleka kwa wazee wa kanisa, maana anautaka ushemasi. Kwenye sinema ndugu mbaya unamjua mapema, ana masharubu na ngoma zinalia akiingia. Huyu nilimbeba mgongoni mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wazee nitawaeleza kwa mdomo wangu. Kinachoniuma ni wewe kuamini nilikuficha. Mimi, huyu Nyanya wa watu sijamrukia hata kitu kimoja cha sinema zake, hata pale ukweli unapomliza.

Nisalimie shangazi anayeuza ndizi Keumbu, na babu, mwambie tumbaku yake nimeikumbuka. Ombati simsalimii.

Nyaboke anarudi huku Jumapili. Mwambie kama nije nyumbani Desemba. Ukinyamaza, nitajua bado unamwamini aliyekusomea.

Mimi binti yako,
Kerubo