Vifungo kwenye Kitenge

Jumatano, 13 Juni 2001

Kipimo cha asubuhi: digrii sabini na moja. Jana sitini na nane. Goti linapanda.

Kioo cha dirisha kimekaa imara kwenye fremu, namtazama Mama kupitia humo. Kidevu changu juu ya kijiti, jicho moja nimefumba. Vifungo viwili vyeupe kwenye kitenge, nyonga na goti, cha tatu kwenye uzi wa kifundo cha mguu. Navifuata kwa chaki juu ya kioo, naunganisha kwa rula, naweka kipimapembe. Mguu ulionyooka ni sifuri. Aliyekaa vizuri kitini ni tisini.

Mama mkwe anakaa hatua nne mbele yangu, ananipa ubavu. Anatazama ukuta. Furaha, mke wangu, ndiye anayebana vifungo. Mimi sisogei. Kwetu mkwe hagusi mwili wa mama mkwe, wala hatazami mguu wake juu ya kifundo. Tumeacha nyumba Bukavu, tumeacha makaburi, hilo hatujaliacha. Mama anabana upindo wa kitenge kati ya miguu yake ili upepo wa kambi hii ya Dzaleka usifunue kitu.

Baridi kali. Vidole vinaniuma.

Jumapili, 17 Juni

Kanisani walimwombea Mama. Mimi niliombea namba.

Niandike vizuri, nisije nikasahau. Alianguka kutoka kwenye lori tukiingia Malawi. Pia ya goti ilipasuka. Mwisho wa Mei daktari wa Lilongwe alitoa plasta, goti likawa gumu kama mlango uliovimba. Agizo lake: kunjeni kila siku. Wiki ya tatu ikifika hamjapata sabini na tano, mleteni upesi. Atamlaza usingizi na kulikunja mwenyewe, nyama za ndani zingali laini. Zikikomaa, basi. Mguu utabaki mgumu maisha yake yote. Na mguu mgumu haukanyagi cherehani. Mama ndiye aliyebeba kichwa cha cherehani kutoka Bukavu, na ndiye aliyenifundisha kushona.

Nilimwambia daktari nitapima mimi. Nimesoma mekanika, miaka mitatu ya kuchora pembe. Akanitazama viatu. Bado nina hasira naye.

Jumatano, 20 Juni

Sabini na tisa! Hatuendi Lilongwe.

Mama alikunja uso kuliko goti. Akamwambia Furaha, "Inaluma sana. Kama vile haikunjike." Nikasema ni kawaida, namba haidanganyi. Nimefurahi mpaka nimejiaibisha. Nilimwonyesha jirani daftari.

Jumatatu, 2 Julai

Siku mbaya.

Shemasi mmoja wa Fizi aliniletea suruali iliyotoboka magotini. Kwa sala, anasema. Kwa kucheza karata, nasema mimi. Nilimpima amesimama, nikatia chaki, nikashona viraka. Leo akavaa, akakaa. Viraka vimepanda vidole vinne juu ya magoti. Akacheka: "Fundi, we ulitia kiraka kwenye paja!"

Nilicheka naye. Halafu nikaacha kucheka. Mshonaji gani asiyejua kwamba nguo haikai na mfupa?

Vifungo vyangu viko kwenye kitenge.

Jumanne, 3 Julai

Nimejipima mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilivaa kitenge cha Furaha, nikabana upindo kati ya miguu kama anavyofanya Mama. Kifungo kwenye kitambaa, nukta ya wino kwenye ngozi chini yake. Mke wa jirani alipita, akarudi kutazama tena. Na acheke.

Nikaupeleka mguu nyuma. Ukavuta upindo, upindo ukavuta kitambaa, kifungo kikateleza mbele ya goti. Nilirudia mara tano kwa kutazama kioo cha kunyolea. Kwa wino, sabini. Kwa kifungo, themanini na tatu.

Kumi na tatu za uongo. Kwa hiyo ile sabini na tisa ilikuwa sitini na sita. Tulitakiwa kwenda Lilongwe siku ileile. Wiki mbili nzima nyama zinakomaa, na mimi najisifu.

Jumatano, 4 Julai

Nimepima kama kawaida. Themanini na moja. Nikaandika themanini na moja.

Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 5 Julai

Nimemwambia Furaha. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali.

"Tangu siku gani unajua?"

"Juzi."

Akachukua kalamu, akaingia ndani na mama yake, akatia nukta kwenye ngozi. Mimi nikakaa nje, mgongo mlangoni. Kabla hajaingia nilimfundisha kutumia kioo na kipimapembe. Nusu saa tu, akajua. Nusu saa! Ningeweza kumfundisha mwezi wa sita. Sikutaka. Nilitaka fundi niwe mimi.

Akasoma akiwa ndani: sitini na saba.

Ijumaa, 6 Julai

Bila kibali hatutoki kambini. Nilifika ofisini alfajiri. Imefungwa. Sikukuu ya uhuru wa Malawi. Halafu Jumamosi, halafu Jumapili. Askari wa getini alinijibu kwa upole, "Pepani, bambo." Yaani pole, bwana. "Mpaka Jumatatu."

Kwa mbali ngoma zinapigwa. Nazichukia.

Jumamosi, 7 Julai

Mama anakunja mwenyewe, kitambaa mdomoni asilie. Hakuna anayenilaumu.

Jumatatu, 9 Julai

Kibali saa tatu. Matola, yaani pikapu ya kulipia, mpaka Lilongwe, Mama akiwa mbele kwa dereva, mguu umeegemea dashibodi.

Daktari alisoma daftari, ukurasa kwa ukurasa. Nikamweleza kila kitu, vifungo, kitenge, upindo. Hakunitukana. Alipima kwa chombo chake, pazia limefungwa. Sitini na tano. Akasema atajaribu kesho. Likikataa hatalazimisha, mfupa unaweza kuvunjika. Wiki tatu hivi zilizopita, alisema, isingekuwa shida. Muuguzi alitafsiri hilo taratibu, kana kwamba sikulisikia mara ya kwanza.

Tulibaki kwenye benchi la nje, Mama mwisho huu, mimi mwisho ule, Furaha katikati. Mama akasema akitazama ukuta:

"Mi nilisikia haikunjike. Tangu mwezi ya sita. Lakini mulisema soixante-dix-neuf, sabini na tisa. Mi ni nani nibishane na mwenye alisoma?"

"Munisamehe, Mama."

Akavuta kitenge chake, akafunika goti. Nimefikia mtaa wa Mchesi, kwa mtu wa kanisa. Sijalala.

Jumanne, 10 Julai

Walimwingiza saa nne. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikakosea, nikaanza upya.

Goti limekubali. Si lote. Themanini na nane mezani, likagoma hapo. Daktari anasema litarudi nyuma kidogo, na haliwezi kupita hapo tena. Kupiga magoti kanisani, hapana. Cherehani, labda.

Nililia chooni. Kwa furaha au kwa aibu, sijui, na sitaki kujua.

Jumatano, 15 Agosti

Upepo umepungua, baridi bado. Asubuhi Mama alikaa kwenye cherehani, kiti kimeinuliwa kwa matofali mawili. Mguu ulifika. Alishona upindo mmoja wa shuka, akapumzika, akashona wa pili.

Baadaye Furaha alipima ndani. Mimi niko nje na daftari, kazi yangu sasa ni kuandika tu.

"Quatre-vingt-quatre," Furaha akasema. Themanini na nne.

"Hapana," Mama akasema. "Leo baridi iko mingi, imekaza. Quatre-vingt."

Furaha akanisubiri mimi.

Nikaandika themanini.