Jogoo wa Jibini

Kitale, 2 Desemba 2024

Dada Nabwile,

Salamu nyingi. Mimi na kitambi changu tu wazima, ng'ombe pia. Nyinyi huko Kabuchai mko aje? Na magoti yako? Kwa kuwa umenifungia kwenye simu tangu Krismasi ile, nimerudi kwa kalamu kama mtoto wa darasa la sita. Barua hii analeta Dancan wa lori la mahindi.

Nasikia wakwe wa binti yako Phelista wanarudi tarehe ishirini na sita. Naomba nitengeneze tena jogoo wangu wa kufungulia meza. Sasa nimeiva bana: maziwa lita kumi, siki, kitambaa, jibini ichujike siku nzima. Halafu namfinyanga. Manyoya ni karanga za kuponda, kilemba ni pilipili hoho nyekundu, mdomo ni karoti. Yule wa mwaka jana, nakubali, alifanana na bata mgonjwa.

Mdogo wako,
Wangila

Kabuchai, 7 Desemba

Wangila,

Sisi wazima. Magoti yangu hayakuhusu.

Ati bata mgonjwa! Bado unacheka? Wewe ndiye khocha, mjomba wa msichana. Kazi yako siku ile ilikuwa moja tu: kuleta jogoo wa wageni. Ukaweka mezani donge la maziwa lenye mkia. Mzee Walubengo, baba ya kijana, akashika kisu atafute imondo, ile firigisi ya mgeni mkuu. Akapasua. Nyeupe. Akapasua tena. Nyeupe. Akaweka kisu chini, akasema, "Nyumba hii haitutaki." Wakatoka, ugali bado unafuka.

Msichana wangu amekaa mwaka mzima bila tarehe ya harusi, sababu ya karoti yako.

Tuma jogoo mzima, mwenye kuwika. Wewe baki huko huko. Kiti cha khocha atakalia binamu yetu Tonny.

Nabwile, dada yako kwa bahati mbaya

Kitale, 15 Desemba

Dada,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu zangu bado zinaingia kwa hiyo boma.

Barua yako nimeisoma nikikamua, ndoo ikapigwa teke. Ng'ombe naye amenichoka. Sawa, mimi ni mjinga. Nilidhani jogoo wa sokoni kila mtu anaweza kununua, lakini huyu nilikaa naye siku mbili kwa mikono yangu. Kwamba imondo haifinyangwi, hiyo sikufikiria.

Lakini wewe je? Si ulimwona kabla wageni hawajafika? Si ulisifu kilemba chake mbele ya Agneta, jirani yako? Mambo yalipoharibika, nikabaki mkosaji peke yangu. Na Tonny! Tonny huyo humwita Phelista "yule mrefu".

Jogoo huyo hapo, Dancan amemfunga miguu. Mimi siji. Mle vizuri.

Wangila, aliyekuwa khocha

Kabuchai, 27 Desemba

Wangila,

Hatujambo, isipokuwa aibu.

Jogoo tulimpika. Mzee akapakuliwa chakula, imondo juu kabisa. Akaitazama. Akamgeukia Tonny kwa kiti chako: "Wewe ndiye ulifinyanga yule mwingine?"

"Hapana mzee. Mimi nauza sabuni."

Mzee akasukuma sahani. "Mwaka jana niliondoka hapa na hasira. Lakini nilipowasimulia watu wa kwetu Ndalu, walicheka mpaka mimi mwenyewe nikaanza kucheka. Leo nimekuja nicheke na mfinyanzi mwenyewe. Sasa amejificha? Mtu akikukosea halafu akakukimbia, hapo ndipo amekukataa. Hii imondo sili mpaka aketi hapo."

Wakatoka. Mara ya pili! Ugali ukabaki tena. Phelista amelia mpaka akalala na viatu.

Wanarudi tarehe mosi Januari, na wamesema hawarudi mara ya nne. Kwa hivyo uje. Ulete jogoo mwingine wa kuwika, na huyo wako wa jibini pia. Mzee anataka kumpasua ukiwa unaona. Manyoya yawe mengi, maana mwaka jana yalikuwa yamekatika upande wa nyuma. Imondo ya kwanza iko kwa friji ya Agneta, hakuna mtu ameigusa.

Ni kweli nilisifu kilemba. Usifikiri hapo tumepatana.

Nimekufungulia simu. Usipige.

Dada yako,
Nabwile