Ubao wa Fundi Saa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima na mwenye furaha, nami natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu zako, macho yanaendelea kupona, na ile dawa ya matone huikimbii tena kama mtoto anayekimbia sindano. Sisi huku hatujambo. Wajukuu wako wamerefuka, viatu haviwatoshi hata miezi minne, na mkwe wako anakusalimu sana. Anasema ile saa uliyomtengenezea siku ya harusi bado inatembea, ila yeye mwenyewe ndiye ameanza kusimama simama.

Najua anayekusomea ni dada, kwa hiyo na wewe dada nakusalimu. Nakuomba usome kila neno kama lilivyo. Ukifika pale nilipojiaibisha usijifanye kukohoa ukaruka mstari, maana nakujua. Nyumbani kwetu maneno ni ya Kisomali na kalamu ni ya Kiswahili, ndivyo tulivyosomeshwa, na leo nashukuru, kwa sababu yapo mambo ambayo kinywa changu kilishindwa kuyasema kwenye simu.

Baba, dada amenieleza kwamba wanywa chai wote wa pale dukani kwako wamekwisha kuhadithiwa habari zangu mpaka wanazijua kwa moyo, na kwamba umeng'oa mashine ya saa mbovu, ukaipangusa fremu yake, unangoja nikutumie lile gazeti lenye picha yangu ulitie humo. Nilicheka. Naomba usipigilie msumari kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama fremu ile inanistahili.

Unakumbuka kwamba nilipofika huku, miaka kumi na moja iliyopita, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga deki. Kituo chetu cha redio kiko juu ya duka la dobi, ngazi zinanuka sabuni na pasi, na chumba cha matangazo kimebandikwa sponji la magodoro kila ukuta ili sauti isitoroke. Siku moja meneja alinikuta kwenye ngazi nikimfafanulia jirani barua ya shule ya mwanawe. Akaniuliza kama ningeweza kuyasema mambo kama yale kwenye maikrofoni, kwa Kisomali, dakika kumi tu. Nikasema ninaweza, nikaegemeza ufagio nyuma ya mlango. Upo pale pale hadi leo, hakuna anayethubutu kuugusa.

Wewe hukufurahi. Ulisema mtu kulipwa kwa kuongea ni sawa na kulipwa kwa kupumua. Lakini dakika kumi zikawa saa nzima, na watu wakaanza kupanda ngazi na barua zao mkononi, za hospitali, za mwenye nyumba, za mahakama. Nikajikuta nawasindikiza hadi maofisini kuwasemea. Wasikilizaji hawaniiti kwa jina, wananiita Mtoto wa Fundi, kwa sababu kila kipindi nakifungua kwa kutaja saa kwa hesabu ya huku na kisha kwa hesabu ya kwetu. Wenyeji wakisema nane ya asubuhi, kwetu ni saa mbili. Wakisema mbili ya mchana, kwetu ni saa nane. Watu wanapanga siku yao kwa kinywa changu, Baba, na hicho ndicho kitu pekee nilicho nacho katika kazi hii.

Sasa nije kwenye lile jambo la gazetini. Watu wanalisimulia hivi. Mwaka jana baraza la mji lilitaka kumwondoa mkalimani wa zahanati yetu, ambaye alikuwa akija siku mbili tu kwa wiki. Asipokuwepo, mama wa watu anaeleza ugonjwa wake kupitia mdomo wa mtoto wa darasa la tatu. Basi ikapangwa kwamba asubuhi wapingaji wasikilizwe katika chumba kidogo cha chini, na mchana madiwani wakate shauri katika ukumbi wa juu. Inasemekana asubuhi hakutokea mtu, kwa makusudi. Mchana, madiwani wakiwa ndiyo kwanza wanafungua mafaili, wetu wakaingia, watu mia mbili na watoto mgongoni. Viti vikaisha. Waliobaki wakavua viatu mlangoni kwa adabu wakakaa kwenye zulia, na bawabu akabaki anaruka viatu.

Mwenyekiti akauliza nani anasema kwa niaba yao. Akasimama Shangazi Cherehani, yule mshonaji anayekaa juu yetu ambaye nilikuambia kwamba anatutetemeshea dari tangu asubuhi. Mimi nikatafsiri. Akasema alikwenda kwa daktari na mjukuu wake, akaeleza maradhi yake ya kike, na mtoto kwa kuona haya akamwambia daktari kwamba bibi anaumwa kichwa. Akasema amemeza dawa za kichwa miezi mitano, na kichwa chake hakijawahi kuwa na afya kama mwaka ule. Ukumbi mzima ulicheka. Madiwani wakapiga kura, na mkalimani sasa anakuja kila siku ya kazi. Gazeti likaandika kwamba binti wa redio ndiye aliyepanga yote, kulinyima baraza watu asubuhi na kulifurikia mchana. Mwenyekiti mwenyewe akasema hajawahi kuona mpango wenye akili namna ile.

Baba, hakukuwa na mpango.

Tangazo la kikao lilinifikia likisema nane, asubuhi. Kwetu ni saa mbili, hata mtoto anajua. Lakini dakika chache kabla sijaingia hewani dada alinipigia simu, akaniambia kwamba jana yake umekisikiliza kipindi changu kwa mara ya kwanza, mwanzo hadi mwisho, macho umeyafumba, na kilipokwisha ukauliza kama kinaweza kurudishwa nyuma. Dada, hukujua ulichonifanyia. Niliingia chumba cha matangazo nalia na kucheka kwa pamoja. Nikaliona lile nane, nikasema saa nane, na sikugeuza. Mimi niliyefundishwa na wewe kugeuza saa kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Kesho yake mimi mwenyewe nikafuata kosa langu, nikafika saa saba na nusu mchana. Kwenye mlango wa chumba kidogo nilikuta tangazo limebandikwa, na chini yake karani ameandika kwa kalamu kwamba kikao kimefungwa na hakuna aliyepinga. Nje watu wangu walikuwa wamejaa kwenye ngazi, wamefunga maduka, wameomba ruhusa kazini, kwa sababu mimi nimesema saa nane. Nilikuwa na nafasi ya kutoka nikawaambia ukweli. Badala yake nikatazama huku na huku, nikaibandua ile karatasi, nikaikunja, nikaitia mkobani. Ndipo nikamuuliza bawabu shauri linakatwa wapi, akanionyesha juu na kusema kila mtu anaruhusiwa kuingia. Nikawageukia watu nikawaambia twendeni juu. Yaliyobaki ndiyo hayo unayowahadithia wanywa chai.

Mwandishi wa gazeti aliponiuliza, nikamwambia tulipanga pamoja. Huo ndio uongo wenyewe, nimekaa nao mwaka mzima, na nimepigiwa makofi kwa ajili yake mpaka nikaanza kuogopa makofi.

Mwezi huu mambo yakanibana. Meneja alitaka kunipa idara mpya ya kuwahudumia watu wa lugha tano, na umoja wa redio za jamii ukanialika niwafundishe watangazaji wenzangu kile walichokiita mbinu ya saa nane. Nilikaa siku tatu kuliandika somo hilo, karatasi ikabaki nyeupe. Nilijua nikisema ukweli huenda idara ikaenda kwa mwingine, na lililoniumiza zaidi, huenda watu wasiniamini tena nikiwatajia saa. Nikisema uongo, nitakuwa naufundisha.

Basi nikakumbuka ubao wako. Kila asubuhi ulipofungua duka ulisikiliza mlio wa saa redioni, ukaitazama saa yako kubwa ya ukutani, kisha ukaandika kwa chaki mlangoni: leo saa hii inachelewa dakika mbili. Leo inawahi dakika moja. Mimi nilikuwa naona haya. Nilikuuliza kwa nini fundi ajitangazie ubovu, ukanijibu kwamba watu wanakuletea saa zao kwa sababu ya ubao ule. Sikukuelewa, nilikuwa na miaka tisa. Nimekuelewa juzi.

Nilianza kwa meneja. Alivua miwani, akaivaa, akaniambia niende nikawaeleze wenyewe. Alhamisi nikafungua kipindi, nikataja saa kwa hesabu zote mbili kama kawaida, halafu nikasema kwamba mwaka jana saa yangu ilikosea saa sita, nami nikalificha kosa. Nikaeleza yote, hadi karatasi. Simu zikaanza kulia. Mmoja alinikasirikia kweli, akasema alipoteza kibarua cha siku ile na angependa kujua alikipoteza kwa ajili ya nini. Nikamwomba radhi hewani, nami namwomba mpaka leo. Wengi walicheka.

Shangazi Cherehani hakupiga simu. Alipanda ngazi mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasukuma mlango katikati ya kipindi na kukaa kwenye kiti cha mgeni. Akasema yeye asubuhi ile alikuwepo. Mteja wake mmoja anayefanya kazi pale alikuwa amemtajia saa ya huku, akaenda, akakuta maafisa watatu na viti vitupu. Wakamuuliza kama ana la kupinga. Akalisema lake kwa dakika kumi, na hakuna aliyeelewa hata neno, kwa sababu kikao cha kumwondoa mkalimani hakikuletewa mkalimani. Wakaandika kwamba hakuna aliyepinga. Mchana akarudi, maana redio ilisema saa nane na redio yangu haikuwahi kumdanganya. Akaniona nikiibandua karatasi.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba alikuwa anangoja niseme mwenyewe, na kwamba nimemchelewesha sana. Kisha akanigombeza mbele ya mji mzima, Baba, kwa kutompa yeye nafasi ya kusema tena yale aliyoyasema asubuhi, ambayo anadai yalikuwa matamu kuliko ya mchana. Nilicheka hadi meneja akaweka muziki.

Idara nimepewa. Sharti ni kwamba saa ya kila tangazo ipite macho mawili zaidi kabla haijanifikia mdomoni, na macho hayo ni ya Shangazi Cherehani, anayekuja na saa yake ya mkononi na kunisimamia kama mkaguzi. Kwa watangazaji wenzangu nitakwenda, ila somo nimelibadilisha. Nitawafundisha jinsi ya kusema umekosea. Nimenunua pia ubao mdogo, nimeutundika nje ya chumba cha matangazo, na chaki yake.

Kwa hiyo Baba, katika bahasha hii hutalikuta gazeti uliloomba. Utaikuta ile karatasi ya mlangoni, na mwandiko wa karani upo chini. Dada atakusomea. Ukitaka itie kwenye fremu, ukitaka fremu uirudishie saa, sitalalamika. Nakuomba jambo moja tu. Kesho ukifungua duka na kuandika dakika zako, niongeze na mimi chini yake, waone hata wanywa chai: na binti yangu anachelewa saa sita na mwaka mmoja.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia wasalimie, waone haya. Dada, busu la shavuni, na asante kwa kusoma bila kukohoa. Baba, weka dawa ya matone.

Ni mimi, mwanao wa mwisho,
Mtoto wa Fundi