Ukurasa Ambao Hukuufunua

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na wifi na watoto hawajambo. Huku presha ya mama imeshuka, na kila anayebisha hodi anasimuliwa jinsi wewe mwanawe ulivyopigiwa makofi kwenye mkutano wa wanasayansi.

Mimi ndiye si mzima. Juzi mkuu wa maabara aliniita, akafunga mlango, akaniuliza nimempa nani kazi yetu. Kazi yenyewe unaijua: tunawalisha panya bakteria wenye koti lao la utelezi, na wengine tuliowavua koti hilo, tuone nani anadumu tumboni. Akanisomea ulichotangaza, kwamba waliovuliwa ndio wanaodumu. Tarakimu zangu, kaka, moja baada ya nyingine! Nikaapa sijui zilivyokufikia. Hakuniamini, na sasa kibarua changu kiko mashakani.

Ulipokuja kumuuguza mama ulilala chumbani kwangu, ukanitania eti nimesoma miaka yote ile nije kuchambua kinyesi cha panya. Nikacheka. Kumbe daftari langu umeshalipiga picha! Wewe, uliyenifundisha kushika kalamu? Ungeniomba tu, ningekupa. Nimelia hadi macho yamevimba, na hasira bado haijaniisha.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Lebo zetu hukaa kwenye mifuniko ya vizimba. Siku moja ya kuosha, nilirudisha mifuniko bila kuangalia, ya kundi hili ikaenda kwa lile. Baadaye nilichanganya kinyesi na wino mweusi, nikatazama kwa darubini: bakteria wetu wa vizimba vilivyoandikwa waliovuliwa walizungukwa na duara jeupe. Ndilo koti lenyewe. Kwa hiyo wanaodumu ni wenye koti. Nilisahihisha kwenye ukurasa uliofuata, ila wewe ulikuwa na haraka, hukuufunua.

Na mkuu nilimdanganya. Mwezi mzima kabla ya mkutano mama alinionyesha kwa furaha tangazo la hotuba yako, na matokeo yamo. Nilijua ni kazi yangu, na nilijua ni kosa. Simu ya dakika mbili ingekuokoa. Nikanyamaza makusudi, kaka, nikingoja uumbuke mbele za watu.

Jumatatu nampelekea mkuu daftari na kumweleza yote, yako na yangu. Wakinifukuza, basi. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza, maana wewe hukunipa hata hilo.

Nisalimie wifi, watoto wabusu. Mama mwambie mwenyewe. Mimi mdomo huo sina.

Ni mimi mdogo wako,
wa tumbo moja.