Hema Jepesi Alilokuachia Babu

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili asubuhi, mwezi wa nne.

Kwa Mlingoti,
Chumba cha nyuma, kwa fundi baiskeli.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea jambo jingine lolote. Hujambo? Magoti je? Na hayo makalio unayoyakalisha kutwa nzima juu ya kile kiti chembamba kama kisigino cha kiatu, yanasemaje? Mimi sijambo, kwa maana ya kwamba nakula na natembea. Mgongo unauma, lakini mgongo wangu ulianza kuuma kabla baba yako hajazaliwa, kwa hiyo hiyo si habari.

Anayeshika kalamu ni shangazi yako. Unajua mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na ndoo. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinisafishie maneno. Akinisafishia nitamjua tu, maana hukunja uso kwanza kama anayetoa mwiba.

Sasa nisikilize. Shangazi yako amenieleza mliyoongea kwenye simu baada ya mazishi. Amesema ulilia mpaka simu ikakatika. Amesema umepata mtu wa kuinunua baiskeli, unataka kuachana na wenzako na kurudi nyumbani kwa basi, kwa sababu babu yako amekufa ana kinyongo na wewe na safari yenyewe imeingia uchungu. Nikamwuliza, hayo ya kinyongo kayatoa wapi? Akasema, babu alikuwa hapokei simu zako.

Mtoto wewe, ni kweli alikuwa hapokei. Lakini hujui kwa nini, na mimi ndiye niliyekuwa nimeketi naye.

Sitakudanganya ili ulale vizuri. Mwanzoni alikasirika kweli. Ile siku ya kuondoka, pale langoni, ulilinyanyua lile hema alilokushonea kwa turubai la lori, ukacheka. Ukamwambia, "Babu, hili ni la kubebwa na gari. Nikilifunga kwenye baiskeli, litanibeba mimi!" Na wale wenzako wawili wakacheka. Ukaliacha juu ya jiwe la kufulia, ukaondoka unapunga mkono. Mzee wa watu kashona maturubai ya malori tangu hajaota ndevu, leo anachekwa na mtoto aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Alilirudisha ndani mwenyewe. Wiki nzima akawa anakula anatazama ukuta, nami nikamwacha na ukuta wake.

Kilichomgeuza ni muuza maziwa. Alikuja asubuhi kama kawaida yake, akaegemeza baiskeli nje, akaingia kunimiminia. Tulipotoka, baiskeli hakuna na mzee hakuna. Tukamwona kule kwenye mwinuko wa duka la dawa. Alikuwa amelifunga hema lake nyuma, kapanda, na lile zigo limeivuta baiskeli mpaka gurudumu la mbele linapepea hewani kama mkono wa mtu anayeaga. Akarudi akiisukuma, kifua kinapanda na kushuka.

Akaniambia, "Mama watoto, yule binti alisema kweli. Ningemuua barabarani."

Muuza maziwa akamjibu, "Na mimi je, mzee? Mimi ulitaka kuniua kwa kesi ya maziwa kuganda?"

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu uondoke.

Tangu siku hiyo hakushika turubai tena. Alitafuta kile kitambaa chembamba kama cha mwavuli, ambacho ukikipuliza kinakimbia. Akakiweka kwenye cherehani yake kubwa, ikakitafuna, na sindano yake nene ikaacha matundu ya kupita mende. Basi nikasikia hodi kwenye chumba changu mwenyewe. Ni yeye, kofia mkononi, anaomba cherehani yangu ya magauni, ambayo miaka yote aliiita kikorokoro. Nikamwambia aombe vizuri. Akaomba vizuri. Nikamwambia aombe tena, nilikuwa sijasikia.

Tukawa tunashona pamoja, mke mwenzangu. Yeye anakata, mimi napitisha mshono, yeye anapaka gundi juu ya mshono ili maji yasipenye. Uzito alikuwa anaupima kwa kiatu chake, mkono huu hema lililokunjwa, mkono huu kiatu, macho kayafumba. Likizidi kiatu, tunafumua. Alifumua mpaka nikataka kumchoma sindano. Vigingi alivikunja kwa spoku za magurudumu yaliyotupwa. Halafu akaja na jambo lililomfurahisha kama mtu aliyepata mchumba: "Nguzo moja tu inatosha. Ya pili ni baiskeli yake. Anaisimamisha, anafunga kamba kwenye usukani, hema linasimama. Kwa nini abebe nguzo na huku amepanda nguzo?"

Kulijaribu alilala humo uani, chini ya baiskeli ya muuza maziwa, aliyoiazima kwa kubembeleza. Asubuhi akatoka amelowa mgongo mzima. Mimi nikajua mzee kajikojolea, nikaenda kutafuta suruali nyingine bila kusema kitu, nimsitiri. Kumbe hapana. Akaniita nitazame ndani, juu kwenye kitambaa, matone yamejipanga kila mahali na mvua haikunyesha. Akasema, "Hizi ni pumzi zangu. Zimekosa pa kutokea." Akakata tundu la hewa kichwani na jingine miguuni, akayashonea wavu wa chandarua. Matone yakapungua. Hayakuisha. Akasema yasikusumbue, yanaonyesha tu kwamba ndani mna mtu.

Simu zako zilikuwa zinalia juu ya meza, katikati ya mikasi. Nikimwambia pokea, anasema, "Nimwambie nini? Kwamba bibi yake ananifundisha kukunja pindo? Ngoja nimalize. Nitampigia nikiwa ndani yake, nimesikiliza zipu inavyofunga." Hicho ndicho kinyongo chake. Alitaka kukushangaza, mjinga yule. Na alipokuwa amekaribia kumaliza, kikohozi kikawa kimemchukua sauti. Akawa anaongea kwa mikono, na kwenye simu mikono haionekani.

Shangazi yako ameiweka kalamu chini, analia. Nimemwambia alie upesi, tuna kazi.

Tunaendelea. Urefu wa hema aliupima kwa mwili wake. Unakumbuka mlivyokuwa mnasimama mgongo kwa mgongo, mimi nawawekea sinia kichwani, na sinia linalala sawa? Ndiyo maana akakuita Mlingoti, akidai yeye ndiye mti ulikotoka huo mlingoti. Basi kila alipokata kitambaa alilala chini, akaniambia niweke chaki kichwani na kwenye visigino. Alisema, "Nikienea mimi, anaenea yeye." Nami nikaweka chaki. Tulikuwa wawili, tuna macho manne, na hakuna aliyeona.

Alitutoka asubuhi, chai yake ikiwa bado inatoa mvuke.

Seremala alikuja kumpima kwa ajili ya sanduku. Ni mtu mpole, alivua viatu mlangoni. Akapima, akataja urefu. Nikamfokea mbele ya watu, "Pima tena! Huyo mwanamume aliinama kwenye kila mlango wa nyumba hii." Akapima tena, taratibu, akaninyoshea ule utepe niuone, ingawa namba sizijui. Akasema, "Mama, ndiyo hivyo hivyo."

Mjukuu wangu, nilikuwa nalala naye kitanda kimoja na sikuona anavyopungua. Ugonjwa ulimkunja kidogo kidogo, usiku kwa usiku, kama mtu anayekunja shuka. Na pale pale, kabla hata chozi halijashuka, nikajua kwamba hema lako ni fupi.

Watu walikuja wengi, na mvua nayo ikaja. Uani hapakuwa na pa kuwaweka. Nikasema lileteni lile hema la turubai, lile zito. Wanaume wanne walilibeba wakilaumu kila hatua. Likasimamishwa, mvua ikapiga mchana kutwa, na chini yake hakuna aliyelowa hata ukosi. Dereva mmoja wa lori alipapasa mshono, akauliza nani kashona. Akaonyeshwa sanduku. Kwa hiyo usijilaumu kwa kuliacha. Ungelichukua, babu yako angeagwa mvuani. Lilikuwa na kazi yake, ila kazi yenyewe haikuwa kwenye baiskeli.

Walipoondoka watu, nililitandaza lako sakafuni chumbani. Nikatoa suti aliyovaa alipomwoza shangazi yako, wakati bado amenyooka. Nikailaza humo ndani, koti, kisha suruali, kofia kichwani na viatu chini. Viatu vikabaki nje, vyote viwili. Shangazi yako anataka tuliruke hili. Nimemwambia aandike. Niliketi pale nikavishika vile viatu, nikamtukana babu yako matusi ambayo shangazi yako hayaandiki hata nikimfinya. Kisha nikaenda kuleta mkasi.

Nimefumua upande wa miguu, nikaongeza kipande. Kile kitambaa chembamba kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo nimekata koti lake la mvua, lile la rangi ya tope alilokuwa anakufungia ndani ulipokuwa mdogo, kichwa tu kikitokeza. Gundi nimepaka mwenyewe, na wavu wa miguuni nimeurudisha mahali pake. Jina langu sijui kuliandika, kwa hiyo kwenye kona nimeweka mishono yangu ya uzi mwekundu. Nimelipima kama alivyokuwa anapima. Sasa linazidi kiatu kidogo. Babu yako angefumua. Mimi sifumui.

Limo kwenye furushi hili, pamoja na nguzo yake moja na vigingi. Usitafute nguzo ya pili. Sasa umeelewa kwa nini nimekaa kitako kukuandikia? Ukiiuza baiskeli, hema halisimami. Litakuwa kitambaa tu, na miezi yake yote ya mwisho itakuwa kitambaa tu. Mwambie huyo mnunuzi aende akanunue ya mtu mwingine.

Sikukatazi kurudi. Nani angekukataza? Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Napika chai ya watu wawili, namimina moja, nyingine inapoa. Nakutaka hapa mpaka mbavu zinauma. Lakini usije kuomba msamaha kwa mtu ambaye hakukudai. Kama unataka kwenda mbele na wenzako, nenda, nami nitangoja. Kama unarudi, rudi kwa ajili yangu, na urudi kwa baiskeli, ukilala njiani humo ndani. Ukitokea langoni kwangu umeshuka kwenye basi, nitakufungia mlango, ulale kwenye jiwe la kufulia.

Wasalimie hao wenzako wawili, waambie wameshasamehewa kile kicheko, ila wasinichekee mishono yangu. Msalimie fundi baiskeli, mwambie asante kwa kukuhifadhi msimu huu wa mvua, na akukagulie breki. Shangazi yako anakusalimu, macho yamemvimba kama maandazi. Muuza maziwa anakusalimu pia. Anasema kila asubuhi akiegemeza baiskeli yake ukutani bado anaitazama mara mbili kabla ya kuingia.

Mungu akutangulie kwenye miteremko na akusukume kwenye milima. Akupe mahali pakavu kila jua linapozama, na akurudishe mlangoni kwangu ukiwa mzima, mrefu vile vile ulivyoondoka.

Jambo la mwisho. Kabla sijalifunga kwenye furushi nililala humo usiku mmoja, sakafuni, nisikie alichokuwa anasikia. Asubuhi juu yangu palikuwa na matone, machache, ya mtu mmoja. Nikayafuta kwa kiganja. Ukiamka huko ukayaona, usiseme mshono wa babu unavuja. Ni pumzi zako. Yafute, ukunje hema, upande baiskeli.

Ni mimi bibi yako na mke mwenzako, nikupendaye hata ninapokufokea.